Powell na Hesabu ya Maji: Mhadhara kuhusu Mwanajiolojia Aliyezomewa

Ndugu zangu, safari ya mashua ya mwaka 1869, ambayo John Wesley Powell aliifanya kuteremka Mto Colorado hali mkono wake wa kulia ulikwisha kukatwa kwa jeraha la mapigano ya Shiloh katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, mmekwisha kuisoma, nami sitaisimulia tena. Hunisikitisha kwamba kila atajwapo mtu huyu tunakimbilia mashua na maporomoko, kisha tunaiacha kazi aliyowafanyia wananchi wa Marekani kwa miaka mingi baada ya safari hiyo.

Kazi hiyo ilikuwa hesabu ya maji. Sheria ya mwaka 1862 ilimpa mlowezi ekari 160, iwe penye mvua au pakavu. Katika ripoti yake ya mwaka 1878, Powell alieleza kwamba mahali pasipofikisha inchi 20 za mvua kwa mwaka, yaani kama milimita 500, kilimo cha kungojea mawingu hakiaminiki. Ekari 80 zenye mfereji zingeitosha kaya moja, na mfugaji asiye na mfereji angehitaji ekari 2,560. Wakati huohuo watu wenye elimu zao walikuwa wakihubiri kwamba mvua hufuata plau, kwamba ukilima tu mawingu yatakuja. Walowezi wakaamini, wakahamia nyanda kame, na ukame ukawafukuza kwa maelfu.

Hapa huulizwa mwanajiolojia ana shughuli gani na mashamba ya watu. Nimelijibu swali hili katika kumbi nyingi, na bado linaulizwa! Mwamba na mteremko ndivyo vinavyoamua maji yapite wapi, yazame wapi na yatokeze wapi. Asiyeijua ardhi hawezi kuyagawa maji yake. Kwa sababu hiyo Powell, ambaye tangu 1881 aliongoza idara ya serikali ya upimaji wa jiolojia, alitaka mipaka ya utawala ifuate mabonde ya mito, ili wanaokunywa mto mmoja waamue pamoja juu ya msitu wa chanzoni, malisho na mifereji. Agosti 1889 aliwaomba hivyo wajumbe waliokuwa wakitunga katiba ya Montana. Walimsikiliza, kisha wakachora mipaka yao kama walivyozoea. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani likainyima fedha kazi yake ya kupima ardhi inayofaa kumwagiliwa, kwa kuwa wenye haraka ya kuuza ardhi hawakutaka kungoja vipimo.

Lakini siku ninayoifikiria zaidi ni ile ya Oktoba 1893, mjini Los Angeles, katika mkutano mkuu wa umwagiliaji. Wajumbe walikuwa wakishangilia mipango ya kuligeuza jangwa lote kuwa mashamba. Powell akasimama akawaambia kwamba hata tone la mwisho la mito yote likitumika, maji hayataitosha ardhi ile, na kwamba wanawarithisha watoto wao ugomvi na kesi zisizokwisha. Wakamzomea. Hakuwa adui wa maendeleo, maana yeye mwenyewe alitetea mabwawa na mifereji. Alichokataa ni kuahidi maji yasiyokuwapo. Angeweza kuwapa ukumbi ule maneno matamu na kuondoka kwa makofi, naye alikuwa na cheo cha kulinda. Aliwaambia alichokipima, na mwaka uliofuata akajiuzulu uongozi wa idara.

Mwaka 1922 majimbo yaligawana Mto Colorado kwa kutumia vipimo vya miaka iliyokuwa na maji mengi kuliko kawaida, na leo ni nadra mto huo kufika baharini.

Nilikusudia kueleza pia ofisi ya lugha na mila za wenyeji wa asili aliyoianzisha mwaka 1879 na kuiongoza hadi kifo chake mwaka 1902, lakini muda umenibana. Niseme tu kwamba hapa Tanzania usimamizi wa maji umegawanywa katika mabonde 9, kila moja na bodi yake, na hilo ndilo wazo ambalo Montana ililikataa. Hata hivyo Mto Ruaha Mkuu, tangu mwaka 1993, umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Waliotoka Usangu, kule juu ya hifadhi mto huo unakopitia, wa mashamba ya mpunga na wa mifugo pia, nawaomba tubaki kidogo baada ya hapa. Ramani ya bonde lenu ninayo, na ningependa mnionyeshe mifereji ambayo haimo.