Kuku na vumbi lake: mazungumzo na wafugaji, Ahero

Haya, wale wako nje chini ya mwembe sogeeni ndani, jua la hapa halina huruma. Leo sikuja kuongea chakula wala chanjo, hayo mmeshaambiwa mara nyingi, nimekuja kuongea vumbi. Mnacheka, sawa, lakini nani hapa kuku hajawahi kumchimbulia sukuma wiki? Naona hakuna mkono. Unapanda asubuhi, unamwagilia, ikifika mchana unapata kuku amelala kwa tuta mabawa yametanuka, miche iko juu juu, unamtupia kandambili.

Sasa huyo kuku si mkorofi, anatafuta pa kuoga. Kuku haogi na maji, anaoga na vumbi, na ukitulia umwangalie ana utaratibu wake, kwanza anaparua na kudonoa, anaketi, anarusha vumbi kwa mabawa mpaka liingie kwenye manyoya, halafu analala ubavu anasugua kichwa chini, anageuka upande wa pili, mwisho anasimama anajikung'uta. Inaweza kuchukua karibu nusu saa, mara nyingi mchana jua likiwaka, na akipata nafasi ataoga karibu kila baada ya siku moja. Kuna watu wakiona kuku amelala hivyo macho nusu yamefungwa wanadhani ni ule ugonjwa wa Newcastle umeingia boma, wanakimbilia kisu. Ngojeni kwanza jamani.

Juu ya mkia kuku ana tezi ya mafuta, anayachukua na mdomo anapaka manyoya. Hayo mafuta yakikaa yanazeeka na manyoya yanashikana, vumbi ndio linayafyonza, na likikung'utwa linaenda na uchafu na baadhi ya chawa. Nimesema baadhi eh.

Shida yetu sisi wa hizi nyanda za Kano ni huu udongo mweusi. Mvua ya Machi mpaka Mei ikinyesha unanata, jua likiwaka unakauka mabonge unapasuka, vumbi laini hupati. Wenzetu wa Nakuru wana lile vumbi la volkeno, wao kazi ni kulizuia lisiingie kwa nyumba. Sisi lazima tutengeneze, na kitu cha kwanza si mchanga, ni paa! Watu wanaweka karai ya mchanga nje vizuri kabisa, mvua ya jioni inapiga, kesho ni matope na kuku wamerudi kwa sukuma.

Bati moja kuukuu linatosha, zibeni matundu, liwe juu ya miti minne, mteremko uelekee kule mvua inatoka. Lakini msilifungie pande zote, kuku anapenda kuoga penye mwanga na joto, ukimjengea pango hataingia. Chini inueni na changarawe maji yanayotiririka yasifike, juu yake tairi kuukuu la trekta ama fremu ya mbao, kuku wawili watatu waweze kutanua mabawa bila kupigana. Jazeni kama sentimita 15, mchanga laini wa mto uliochekechwa na udongo mkavu uliopondwa, na jivu kidogo.

Jivu liwe la kuni tu na lipoe kabisa, maana kaa likibaki ndani utachoma kuku akiwa hai. Lile la kuchoma takataka na plastiki, hapana. Na lisizidi, likiwa jingi wanalivuta kwa pumzi, likishika unyevu linachoma ngozi. Maganda ya mpunga tunayo hapa mpaka yanamwagwa, ni mazuri kutandaza bandani lakini kwa kuoga ni makubwa, hayapenyi manyoya. Na ile dawa ya unga ya agroveti msimwage humo kiholela, kuku anadonoa hapo hapo anapoogea na hayo mayai ni wewe unakula.

Sasa nirudi kwa ile baadhi ya chawa. Mshikeni kuku, mpindue, fungua manyoya chini ya mkia karibu na tundu. Ukiona vidudu vya rangi ya majani makavu vinakimbia, na vitu vyeupe vimegandamana kwenye shina la unyoya, hao ni chawa na mayai yao, hapo bafu peke yake haitoshi, tafuta dawa. Utitiri mwekundu nao haukai kwa kuku mchana, umejificha kwa nyufa za vijiti wanavyolalia, unatoka usiku kunyonya, kwa hivyo ataoga mpaka achoke na banda bado limejaa. Na vile viroboto vinavyong'ang'ania kando ya macho, watoto wao wanakulia kwa mchanga mkavu, kwa hivyo mchanga wenyewe uwe unatolewa na kubadilishwa, msiuache mwaka mzima.

Mama hapo nyuma umeuliza bata. Kanga na bata mzinga wataoga humo bila kuitwa, lakini bata wa kawaida huyo mpe beseni la maji, na liwe mbali na hilo tairi, maana atawalowesha wote.