Roshani Moja, Riwaya Mbili

Ndugu zangu, kisa cha Maycomb, mji wa kubuni wa Harper Lee kusini mwa Marekani, mnakijua, sitakirudia. Twende moja kwa moja kwenye roshani ya mahakama.

Katika To Kill a Mockingbird ya mwaka 1960, Scout, kaka yake Jem na rafiki yao Dill wameketi roshani, walikotengwa watu Weusi, wakimtazama Atticus, wakili na baba yao Scout na Jem, akimtetea Tom Robinson, mtu Mweusi aliyesingiziwa ubakaji. Tom anatiwa hatiani. Atticus anashika njia kutoka, na roshani nzima inasimama. Mchungaji Sykes anamwambia Scout naye asimame, baba yake anapita. Basi! Harper Lee hatoi hotuba, na msomaji koo limemkaba.

Sasa fungueni Go Set a Watchman, inayoitwa mwendelezo wake, iliyotoka 2015. Scout, ambaye sasa ni Jean Louise wa miaka 26, anapanda roshani ileile na kumwona baba yake kwenye kikao cha Wazungu wanaopinga haki za Weusi. Wapo wanaodai kitabu kimeharibika kwa kuwa Atticus ametokea mbaguzi. Nakataa, na nitaendelea kukataa. Hilo ndilo jambo la kijasiri kuliko yote humo! Kinachoharibu ni yanayofuata: kurasa kwa kurasa za mabishano, binti na baba, binti na baba mdogo, hadi huyo baba mdogo anamchapa kofi na sisi tunatakiwa tuamini kwamba kofi limemfungua akili. Mhusika hajengwi hivyo.

Na Jem? Kijana aliyelia kwa ajili ya hukumu ya Tom amekufa ghafla, nasi tunaarifiwa kwa kupitia tu, sura ya kwanza.

Mtasema Watchman kiliandikwa kwanza, kabla ya Mockingbird. Naam, ni mswada wa miaka ya 1950, ambao mhariri Tay Hohoff alimtaka mwandishi auandike upya. Ndiyo maana humo mshtakiwa aliyetetewa na Atticus anaachiwa huru, ilhali Tom tunayemjua aliuawa gerezani kwa risasi 17. Mwendelezo gani unaotengua hukumu ya kitabu unachokiendeleza? Ulistahili kuchapwa kama mswada, pamoja na maelezo ya jinsi ulivyofumuliwa. Wanafunzi wa uandishi wangefaidika mno.

Lakini msiache kusoma pale Jean Louise anapomtembelea Calpurnia, mpishi Mweusi aliyemlea, naye Calpurnia anampokea kwa adabu za mgeni. Kurasa chache tu, bila mjadala wowote, na zinauma.