Tuanzie kwenye Taulo: Mhadhara kwa Wazazi na Walezi wa Watoto Wenye Usonji

Ndugu wazazi, walezi na walimu wenzangu, sitaeleza usonji, yaani autism, ni nini, kwa kuwa mnaishi nao majumbani. Nimekuja na neno ambalo nimelisema katika kila kikao: wengi wa watoto hawa wangeweza kuoga wenyewe, na mara nyingi wanaowachelewesha ni sisi tunaowaogesha.

Nilimfundisha kijana wa miaka 11 ambaye bibi yake alimwogesha kila siku. Tuliigawa kazi hiyo katika hatua: kuvua nguo, kuchota maji kwa kopo, kujimwagia, kutia sabuni kwenye dodoki, kujisugua, kujisuuza, kujifuta na kutundika taulo kambani. Kisha tukaanzia mwisho. Bibi alifanya yote kama kawaida, ila taulo alilitundika mjukuu mwenyewe. Alipozoea kulitundika bila kuongozwa tukamwachia na kujifuta, kisha kujisuuza, tukarudi nyuma hivyo hatua moja moja. Huwa naulizwa kwa nini tusianzie mwanzo. Anayeanzia mwanzo huishia njiani akipokonywa kopo kila siku, ilhali anayeanzia mwisho huimaliza kazi kwa mkono wake, na raha ya kumaliza ndiyo inayomrudisha bafuni kesho. Ilituchukua miezi saba, na miwili kati ya hiyo ilipotea kwenye sabuni peke yake, kwani harufu yake ilimkera hata akawa analia. Tulipotafuta sabuni isiyo na manukato, kilio kilikoma.

Hapa kwenye maneno ndipo tunapokosea zaidi. Mzazi husimama mlangoni akisema "chota, mwaga, sugua", mtoto akatii, nasi tukaamini kwamba ameweza, kumbe amejifunza kungoja amri, na siku sauti hiyo isiposikika atasimama na kopo mkononi. Kaa nyuma yake, uuongoze mkono wake kimya. Baada ya siku kadhaa shika kiwiko tu, baadaye gusa bega, kisha jiondoe. Ukutani bandika picha za hatua zile kwa mpangilio, azifuate hizo badala ya kukufuata wewe.

Yupo atakayesema kwamba kumwacha mtoto ahangaike na kifungo cha shati dakika kumi ni ukatili. Mama yangu, huruma hiyo naiheshimu, lakini mwanao atafikisha miaka 40, nami nauliza nani atamfunga vifungo wakati huo.

Kuhusu kununua vitu nitasema kwa haraka: duka moja, bidhaa moja, fedha kamili, na mwenye duka awe ameshaelezwa. Suala la kupanda daladala naliacha. La mabinti siwezi kuliacha: kuvaa pedi kufundishwe kabla ya hedhi ya kwanza, binti aivae katika siku za kawaida, auzoee mguso wake, ajue kuibadilisha na mahali pa kuitupa, kwa sababu siku anapoiona damu mara ya kwanza si siku ya kuanza somo. Wenye mabinti wa miaka 9 na 10 naomba wabaki. Nimekuja na kadi za picha za hatua hizo.