Paka wa Lupita Halii

BENI: Haya tupo hewani, wadau karibuni tena, mimi Beni, niko na dada yenu Zuu ambaye leo kaingia na mikwaruzo mpaka kwenye viwiko. Leo tumepanga muvi za bajeti ya kati, za ngumi na za kutisha, yaani sisi watazamaji wa kawaida tunazipimaje, nina vipimo vitano nimeviandika hapa kwenye daftari. Lakini kwanza Zuu, hiyo mikono.

ZUU: Ni Chausiku.

BENI: Chausiku huyu anayelalia laptopu yako tukirekodi?

ZUU: Huyo huyo. Mama kanipigia Jumapili, panya wamemaliza mchele stoo, mwanangu niletee huyo paka wako hata mwezi mmoja tu. Jumanne nikamtia kwenye boksi la maji ya chupa, nikalitoboa matundu kwa kisu, nikafunga na kamba ya manila, saa kumi na moja alfajiri niko stendi Mbezi. Beni, gari limetoka Mbezi mpaka tunafika Segera yule paka analia, na sio nyau nyau, analia kama mtoto aliyeachishwa ziwa jana. Chalinze konda kaja kaniuliza dada umebeba nini humo. Mama mmoja siti ya nyuma akatoa dagaa wa kukaanga akampitishia kwenye tundu, akala, kimya, nikasema alhamdulillah, hata dakika mbili hazijaisha kaanza upya. Tanga tumefika nafungua boksi ndo kanichana hivi unavyoona.

BENI: Pole sana dada.

ZUU: Asante, ila sikiliza sasa kwa nini nakwambia haya yote. Jumatatu usiku, kabla ya hiyo safari, niliangalia A Quiet Place: Day One, ile ya Lupita Nyong'o.

BENI: Ooh. Nimeshajua tunakoelekea.

ZUU: Muvi ya 2024 hiyo. Mwanzoni kabisa wanakuandikia kwamba jiji la New York wastani wa kelele zake ni desibeli 90, sawa na mtu anayepiga ukelele mfululizo. Halafu majitu yanashuka, hayaoni ila yanasikia, ukitoa sauti umekwisha. Na Lupita, Samira mle ndani, mgonjwa wa kansa hana siku nyingi, muda wote anatembea na paka. Majengo yanaanguka, watu wanabebwa hewani kama vifaranga, wanaingia kwenye handaki la treni limejaa maji mpaka shingoni na paka yumo, anazama anaibuka, hata chafya! Mimi wangu katikiswa kwenye tuta tu la Kibaha, gari zima likajua.

BENI: Zuu, yule paka amefundishwa. Anaitwa Frodo, ni paka wa kumhudumia mgonjwa, wameigiza paka wawili kwa zamu.

ZUU: Kufundishwa kwa kamera sawa. Ndani ya hadithi nani alimfundisha kwamba kuna majitu? Yameshuka mchana huohuo.

BENI: Ngoja turudi kwenye vipimo kwanza, maana cha kwanza kinahusu hela. Muvi ya bajeti ya kati haina hela ya kufanya kila kitu, inabidi ichague kitu kimoja ikomae nacho. Smile ya 2022, dola milioni 17, ilichagua tabasamu, yaani mtu anakutabasamia tu na mwili unasisimka, ikaingiza zaidi ya milioni 200. The Beekeeper, milioni 40, imechagua ngumi za steringi wake Jason Statham. Hii ya Lupita milioni 67, imechagua ukimya.

ZUU: Na paka.

BENI: Na paka, sawa.

ZUU: Na ndo maana nasema. Kama umechagua kitu kimoja kitunze. Beekeeper niliiona kwenye hilohilo basi, imetafsiriwa, kwenye kile kiskrini cha mbele, Chausiku analia na Statham anapiga. Mtu mmoja anaingia kwenye jengo lenye walinzi wote wale anawamaliza, na sikusema kitu, nilifurahi! Kwa sababu haikuniahidi kitu kingine. Yule mama mwalimu mstaafu wanampigia kompyuta yake ina tatizo, bonyeza hapa bonyeza pale, zaidi ya dola milioni mbili za watoto zimeondoka, anajiua. Basi zima lilinyamaza pale, konda akaropoka "hawa ndo wale wa tuma kwenye namba hii", watu wakaitikia kama kanisani. Kila mtu mle ana shangazi au mjomba keshaliwa hela kwenye simu. Statham alipochoma kile kituo chao cha simu kwa petroli watu walipiga makofi, Beni, dereva kapiga honi.

BENI: Ndo muvi hiyo! Steringi hana maneno mengi.

ZUU: Ila ya Lupita iliniahidi sheria. Ukitoa sauti unakufa. Karatasi ikichanika unakufa. Mimi nimekaa kwenye kochi naogopa kutafuna karanga, halafu kuna kiumbe mmoja sheria haimgusi. Hapo wamenivunjia heshima.

BENI: Sikubali. Mimi ile muvi niliionea banda la video kwa jirani, na ilikuwa ya DJ, yule anayetafsiri na kusimulia juu ya muvi.

ZUU: Subiri. Muvi ya ukimya umeangalia iliyotafsiriwa? DJ anaongea juu ya ukimya?

BENI: Mwanzo mwisho. Na paka alimpa sauti.

ZUU: Beni!

BENI: Wallahi, kila paka akitokea DJ anamsemea. "Mama Samira, mimi nimeshajinyamazia, wewe ndo usikohoe." Kule kwenye maji akamwambia, "Leo nimeoga bila ridhaa yangu." Banda lilicheka mpaka tukasahau majitu. Mimi nimekulia kwenye kanda za Lufufu, yule msimuliaji wa muvi, kaka zangu walikuwa wanazileta, nilijua muvi ya mzungu ina watu wawili, steringi na anayesimulia.

ZUU: Kwa hiyo paka wako wewe analia! Kwa Kiswahili! Ndo maana humuoni kosa lake!

BENI: Hapana, nisikilize. Kuna ile sehemu Samira na yule kijana Muingereza, Eric, wako ndani, mvua inanyesha, radi zinapiga, wanagundua radi ikipiga wanaweza kupiga kelele hayasikii. Wanasubiri radi, wanapiga ukelele wa miaka yote. Pale DJ alinyamaza mwenyewe. Watu arobaini bandani na feni imezimwa kwa joto lile, nasikia pumzi ya mtu wa pembeni yangu. Hicho ndo kipimo changu cha pili, muvi ikimnyamazisha mpaka DJ imeweza. Paka hawezi kuniharibia hiyo.

ZUU: Sehemu hiyo nimelia, sikatai. Sisi tuliokulia chini ya mabati tunaijua, mvua ikianza unaweza kusema lolote na chumba cha pili hawasikii. Lakini kwa kuwa pale wamepatia ndo nakasirika zaidi kwenye paka. Waliweza!

BENI: Wewe hujakasirika, uliogopa paka asife.

ZUU: Usiniambie nilichohisi.

BENI: Nakuuliza basi. Angelia, akaliwa dakika ya ishirini, ungependa?

ZUU: Ningeamini. Au alie mara moja tu, Lupita amkumbatie, amzibe kwa sweta lake, tusubiri wote. Sekunde kumi tu. Hiyo ingekuwa sehemu ya kutisha kuliko zote na haihitaji hata dola moja ya kompyuta.

BENI: Mimi yule paka simchukulii kama mnyama wa kubebwa kwenye boksi. Huyu mwanamke anakufa, kila kitu kimemwacha, kimebaki kitu kimoja hakimsaliti. Akilia atakuwa amemsaliti. Na Lupita mwenyewe alikuwa anaogopa paka kabla ya hiyo kazi, alivyomaliza akachukua wa kufuga. Kuna kitu cha kweli kilitokea pale.

ZUU: Kwa Lupita kimetokea, kwenye hadithi bado. Mnyama anayekupenda ndo anakulilia, Beni! Chausiku alilia kwa sababu mimi niko nje ya boksi na ananisikia!

BENI: Mimi naona anayekupenda ananyamaza.

ZUU: Hujafuga.

BENI: Nimefuga kuku.

ZUU: Kuku!

BENI: Haya, ngapi hapo? Dakika sita zimebaki na tuko kipimo cha pili. Na Weapons hatujaigusa, ile ya 2025 ya watoto 17 wa darasa moja wanatoka majumbani saa nane na dakika 17 usiku wanakimbia mikono imenyooka pembeni. Nilikuwa na maneno mengi pale.

ZUU: Ile haikunidanganya. Mlango unafunguka mtoto anatoka, baba anamuona kwenye kamera asubuhi. Sikulala. Kipimo cha tatu kinasemaje?

BENI: Cha tatu ni mwisho wa muvi, kwamba mwisho usi... hebu ngoja, kuna watu mlangoni, studio ni ya wengine saa kumi. Cha nne na cha tano ni virefu, acha tu.

ZUU: Soma hata vichwa.

BENI: Visomwe bila maelezo vitapotosha watu. Wiki ijayo. Wadau, tuandikieni, paka alie asilie.

ZUU: Alie.

BENI: Tunakuja jamani, dakika moja! Zuu, mama anasemaje, panya wamepungua?

ZUU: Leo asubuhi kanitumia voisi. Sijaielewa maneno, nyuma kuna paka analia.