Prosesa Haina Kosa

Ahsanteni sana. Naona wengine mmekuja na mashine zenu kwapani. Vizuri, tutazifungua mwishoni. Ila kabla hatujashika bisibisi, nitasema lile ambalo baadhi yenu mmenisikia nikilisema mpaka mmelikariri: usinunue kifaa chochote cha laptopu kuukuu kabla hujajua inakabwa wapi. Nalirudia kwa sababu hasara nayo inajirudia. Watu wananunua kwanza, wanauliza baadaye.

Nianze na mwalimu mmoja. Aliniletea laptopu yenye prosesa, yaani ubongo wa mashine, ya Intel Core i5 ya kizazi cha nne, akaiweka mezani, akasema, "Fundi, hii imezeeka, niambie tu nikanunue mpya." Nikamuuliza inamsumbuaje. Akasema anabonyeza swichi, anaenda kuoga, akirudi kile kiduara bado kinazunguka. Na alikuwa ameshashauriwa aongeze RAM, ile kumbukumbu ya muda ambamo mashine huweka kazi iliyofunguliwa. Akaitoa GB 4 akaifikisha 8, kiduara kikaendelea kuzunguka vilevile.

Sikulegeza hata skrubu moja. Niliiwasha, nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ikafunguka, ile programu ya Windows inayoonyesha kila kifaa kinatumika kiasi gani, nikamgeuzia kioo asome mwenyewe. Prosesa, asilimia 6. RAM, GB 3 kati ya 8. Diski, yaani ghala la mafaili yote, asilimia 100, haishuki. Nikamwambia, "Mwalimu, hebu weka sikio hapa kushoto, pale unapoegemeza kiganja." Akainama. Kre, kre, kre, kama panya anayetafuna kabati. Akainua kichwa, akaniuliza, "Na muda wote huu ilikuwa ikilia hivi?"

Ndiyo, muda wote huo. Ndani ya diski ile kuna sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, na mkono mdogo wa kusomea. Pigeni hesabu pamoja nami: 5,400 kwa dakika ni 90 kwa sekunde, kwa hiyo mzunguko mmoja ni kama milisekunde 11. Kila faili likihitajika, mkono usogee hadi lilipo, kisha usubiri sahani ilifikishe chini yake. Jumlisha safari na kusubiri, unapata milisekunde 15 au zaidi. Maana yake diski inaitikia wito sitini, sabini hivi kwa sekunde, basi. Na Windows ikiwa inawaka inaita maelfu ya vifaili vilivyotawanyika sahani nzima! Prosesa inayoweza kufanya mabilioni ya hatua kwa sekunde imekaa inasubiri mkono wa chuma ufike. Halafu lawama zote tunaitupia prosesa.

SSD, yaani diski ya chipu tupu, haina sahani wala mkono. Wito mmoja inaujibu kwa kama sehemu ya kumi ya milisekunde, na kwa sekunde moja inajibu makumi ya maelfu. Hapo ndipo ilipo tofauti.

Najua kuna mtu hapa atasema, "Lakini laptopu yangu ni ya zamani, ina SATA II, ile njia ya zamani ya kuunganishia diski, mwendo wake mwisho MB 300 kwa sekunde, SSD itakuwa imepotea bure." Hapana! Hoja hii imewazuia watu wengi mno na inanikera. Hizo MB 300 ni za faili moja kubwa linalosomwa mfululizo. Wewe huteswi na faili moja kubwa, unateswa na vifaili elfu kumi vidogo, na kwa hivyo hata SATA II haitajaa. Utaipata nafuu karibu yote.

Mwingine atasema SSD huisha kwa kuandikwa. Ni kweli, zina kikomo. Kingston A400 ya GB 240, kwa mfano, imewekewa kikomo cha kuandikwa TB 80, na TB moja ni GB 1,000. Ukiandika GB 20 kila siku, na wengi wenu hamfiki huko, kwa mwaka ni TB 7 na kidogo. Gawanyeni wenyewe: ni zaidi ya miaka kumi. Laptopu yenyewe itakuwa imeshapumzishwa. Cha kuogopa zaidi ni kwamba SSD ikifa huenda isikupe dalili, tofauti na diski ya sahani inayoanza kukwaruza, kwa hiyo nakala ya kazi zako iwe mahali pengine daima.

Basi kwa mwalimu nilinakili diski nzima kama ilivyo, Windows na picha zake zote, nikaihamishia kwenye SSD. Kitu kimoja cha kuangalia hapo: diski nyingi za zamani zina unene wa milimita 9.5, SSD za inchi 2.5 zina 7. Ukiiweka hivihivi itachezacheza ndani, na siku moja itachomoka kwenye soketi. Tumia ile fremu ndogo ya plastiki, au uikaze vizuri kwenye kishikio chake. Nikafunga skrubu, nikamwambia awashe mwenyewe. Kabla hajafika sekunde ya thelathini ukurasa wa nywila ulikuwa mbele yake. Hakusema neno. Aliizima, akaiwasha tena, akahesabu kwa vidole. Diski ya zamani niliitia kwenye kasha la USB, sasa ndiyo anayowekea nakala.

Wenye tundu la M.2, lile la SSD nyembamba kama kijiti, tahadhari: umbo linaweza kufanana, lakini matundu mengine yanapokea SSD za njia ya SATA pekee na mengine za njia ya NVMe pekee. Soma mwongozo wa modeli yako kabla ya kulipa.

Naambiwa muda unakimbia. RAM, haraka. Ongeza RAM pale Task Manager inapoonyesha imejaa ukiwa kwenye kazi zako za kila siku, si kabla. RAM za laptopu zina aina zake: DDR3 ina pini 204, DDR4 ina 260, na pengo la katikati liko mahali tofauti, kwa hiyo ikikataa kuingia usiisukume! Mtego mkubwa ni DDR3 na DDR3L. Zinaingia tundu moja, ila ya kwanza inataka volti 1.5 na ya pili inafanya kazi kwa 1.35, na laptopu nyingi za kuanzia kizazi cha nne zinataka hiyo ya 1.35 tu. Ukiweka nyingine kioo huenda kikabaki cheusi, nawe unadhani umeiua mashine. Na kama Windows yako ni ya biti 32, haitatumia zaidi ya GB 4 hata uweke 16. Laptopu nyembamba nyingi zina RAM iliyochomelewa kwenye ubao mama, ule ubao mkuu wa ndani. Hizo hazina la kuongeza.

Prosesa je, inabadilishwa? Kwa laptopu za Intel, kuanzia kizazi cha tano karibu zote zimechomelewa. Za kabla ya hapo baadhi zina soketi, lakini kwa jasho utakalotoa, mimi sikushauri. Ikiwa prosesa yako kweli iko asilimia 100 kwa kazi zako za kawaida, hapo ndipo nitakubali ununue mashine nyingine.

Ila kwanza isafishe. Vumbi likiziba mapezi ya shaba mbele ya feni, joto linapanda, na prosesa inajipunguzia mwendo yenyewe isiungue. Ukipuliza, zuia feni kwa kidole isizunguke ovyo. Na ile dawa ya kupitisha joto, ikishakauka kama chokaa, ifutwe na ipakwe mpya.

Kuhusu Windows 10, msaada wake uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haizikubali prosesa za Intel za chini ya kizazi cha nane, ila chache sana. SSD haitabadilisha hilo. Linux, mfumo mwingine unaoweza kuuweka badala ya Windows, itakubali, na kwa kuandika, kusoma na intaneti inatosha kabisa. Hilo linataka siku yake.

Sasa leteni mashine. Kabla ya kufungua, ziwekeni mezani muangalie kutoka ubavuni. Kama pedi ya kugusa imeinuka, au kifuniko cha chini kimebenuka, betri imevimba. Hiyo usiiwashe, usiichaji, usiibonyeze irudi, na usiichokoe na chochote chenye ncha. Niletee mimi kwanza. Waliobaki, zimeni kabisa, chomoeni chaja, na mkishafungua kifuniko, kitu cha kwanza kuchomoa ni waya wa betri kwenye ubao mama. Wewe dada wa mbele, yako inapumua sana, tuanze na hiyo.