Gitaa Hilo Unambebea Nani?

REHEMA: Tuko hewani? Haya. Hamjambo nyote mnaotusikiliza. Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba.

MBWANA: Wadogo hawajakuamkia bado, da Rehema.

REHEMA: Wameamkia kimoyomoyo, nimewasikia.

MBWANA: Karibuni. Tupo Ngamiani, Tanga. Dirisha tumefunga lakini bajaji mtazisikia tu, msitulaumu. Mimi Mbwana. Leo zamu ya kuchagua bendi ni ya dada yangu, na wiki nzima kanitumia makelele matupu kwenye simu.

REHEMA: Makelele! Hiyo roki, mdogo wangu. Bendi inaitwa L7, ya Los Angeles, Marekani. Ila kabla sijaanza nina dukuduku.

MBWANA: Litoe.

REHEMA: Jumamosi tulikuwa na kazi, harusi, ya nani sisemi. Nimeshuka kwenye bajaji, besi yangu mgongoni, waya nimezungushia mkononi, nimevaa dera kwa sababu joto la siku ile unalijua. Fundi wa spika ananitazama toka juu mpaka chini, ananiuliza, "Dada, gitaa hilo unambebea nani?"

MBWANA: Lo! Ukamjibu?

REHEMA: Nikamwambia nambebea mwenyewe, yuaja. Nikaingia ndani, nikabadili nguo, nikatoka. Nikamwambia, "Mwenyewe kafika, nioneshe pa kuchomeka waya."

MBWANA: (anacheka) Kumbe ndo maana leo umetuletea bendi ya wanawake.

REHEMA: Hapo hapo, simama. Umesemaje? Bendi ya wanawake. Atomic Jazz ya hapa hapa Tanga uliwahi kuiita bendi ya wanaume?

MBWANA: Aa… hapana. Bendi tu. Atomic Jazz.

REHEMA: Jamhuri Jazz je?

MBWANA: Bendi tu. Haya, nimeelewa, usinimalize.

REHEMA: Sikumalizi. Lete mikono. Wa kushoto, kidole cha shahada juu, gumba pembeni. Umepata herufi gani?

MBWANA: L.

REHEMA: Wa kulia ugeuze, shahada ielekee chini, gumba lije huku. Hiyo ni saba. Sasa kutanisha.

MBWANA: Ah! Mraba. Pembe nne kabisa.

REHEMA: Huko Marekani miaka ya hamsini vijana wa mjini walikuwa wakimwita mtu asiyekwenda na wakati "mraba". L7 ndiyo ishara yake ya mikono. Sisi tungesema…

MBWANA: Mshamba.

REHEMA: Mshamba. Basi bendi imejiita Washamba. Sasa tafuta kwenye jina hilo mwanamke yuko wapi. Hayumo. Hakuna malkia, hakuna warembo, hakuna waridi.

MBWANA: Ila wenyewe ni wanawake wanne.

REHEMA: Ngoja utamu. Mwaka 1985 Donita Sparks na Suzi Gardner, wote wapiga gitaa, ndio wanaanzisha. Jennifer Finch anakuja na besi. Albamu ya kwanza inatoka 1988, Epitaph, kampuni ndogo ya kutoa muziki, ya watu wa panki, ile roki ya kasi na ghasia. Kwenye dramu kakaa nani? Roy Koutsky. Mwanamume! Dee Plakas ndiye akaja baadaye kushika fimbo, na hao wanne ndio watu wanaowajua hadi leo. Yaani albamu ya kwanza ya hii unayoiita bendi ya wanawake ina dume linapiga ngoma.

MBWANA: Hilo sikulijua.

REHEMA: Ungelijuaje na wewe unazima dakika ya pili?

MBWANA: Nilikuwa kwa mama mkwe, dada! Sauti ile mbele ya mama mkwe?

REHEMA: Haya, umesamehewa. 1990 wanatoa Smell the Magic kupitia Sub Pop ya Seattle, kampuni ileile iliyotoa albamu ya kwanza ya bendi ya roki Nirvana mwaka mmoja nyuma. Halafu 1992 ndipo mambo yanachemka: Bricks Are Heavy, kampuni ya Slash, na prodyuza Butch Vig, aliyetoka kuitengeneza Nevermind ya Nirvana. Humo ndimo mna wimbo "Pretend We're Dead".

MBWANA: Tujifanye tumekufa.

REHEMA: Ndiyo huo. Nilijifunza kuupiga, na nakwambia, ugumu wake uko kwenye kutofanya kitu. Kipande kinajirudia, kinajirudia, na wewe wa besi vidole vinawasha unataka kuweka pambo, kama tunavyoweka kwenye taarabu mwimbaji akipumua. Ukiweka tu, umeuharibu. Unatakiwa ukanyage palepale kama mtu anayetwanga. Mimi nilipofika mara ya kumi nikaona, kumbe huyu Jennifer ana subira ya mama wa kijijini.

MBWANA: Na wimbo ulifika mbali?

REHEMA: Uingereza ulifika namba 21. Kwao Marekani, kwenye chati ya roki ya kisasa ya Billboard, namba 8. Kwa bendi yenye gitaa chafu kiasi kile, si haba.

MBWANA: Mimi swali langu ni hili. Hapa Tanga Black Star na Lucky Star ndio waliotia gitaa la umeme na besi kwenye taarabu, miaka ya sitini na sabini huko, ikachangamka ikawa na mwendo wa dansi. Na sauti tunayoikumbuka ni ya nani? Bi Shakila, Mungu amrehemu. Sasa si wanawake walikuwapo muda wote?

REHEMA: Walikuwapo, kwenye maikrofoni. Bi Shakila akiimba "Macho Yanacheka" mtu mzima analia. Lakini nikuulize, wewe uliyekulia humu: besi ya Black Star, ukifumba macho, unamwona nani kaishika?

MBWANA: (kimya) Mwanamume. Kavaa suti.

REHEMA: Ndo maana fundi wa spika namlaumu nusu. Nusu nyingine naye kafumba macho kaona suti.

MBWANA: Ila Afrika wapo. Guinea, Les Amazones. Wale walikuwa askari kabisa, wanajeshi wa jandarma, yaani polisi wa kijeshi, bendi imeanzishwa 1961. Saksafoni, magitaa, ngoma, kila kitu wanakamata wao.

REHEMA: Wapo, na wakati ule nani angemwuliza askari gitaa unambebea nani? Tutawafanyia kipindi chao. Nirudi kwa Washamba wangu. Mwaka huohuo wa 1992 wanapanda jukwaani kwenye tamasha la Reading, Uingereza. Vyombo vinagoma, sauti inakatika, watazamaji wameanza kuwarushia matope. Donita naye akawarushia kitu.

MBWANA: Kitu gani?

REHEMA: Kitu.

MBWANA: Da Rehema, umeanza mwenyewe.

REHEMA: Kile cha wanawake, cha siku zake. Alichokuwa nacho wakati huo. Basi, kinatosha, watoto wanasikiliza.

MBWANA: (anakohoa) Nashukuru nilizima dakika ya pili.

REHEMA: Kinachoniudhi ni kwamba ukiwataja L7 popote, watu wanakimbilia hicho kisa. Bendi imetoa albamu, imecheza tamasha la Lollapalooza 1994, imeanzisha maonyesho ya kuchangisha pesa kwa ajili ya haki ya wanawake kuamua mambo ya uzazi, Rock for Choice, tangu 1991, Nirvana nao wakapiga. Yote hayo yanafunikwa na kitu kimoja kilichorushwa dakika moja. Na mimi nimekisimulia pia, eti.

MBWANA: Kisha nini kikatokea? Maana bendi kama hizo huwa hazidumu.

REHEMA: 1996 Jennifer anaondoka. 1997 wanatoa albamu yenye jina la kebehi, The Beauty Process: Triple Platinum, kana kwamba imeuza mamilioni. Haikuuza. Kampuni kubwa ikawaacha. 1999 wakafungua kampuni yao wenyewe, Wax Tadpole, wakatoa Slap-Happy. Na sasa sikiliza walivyoitangaza, maana hapa ndipo niliwapenda moja kwa moja. Kulikuwa na Lilith Fair, tamasha la waimbaji wanawake, la kistaarabu, magitaa ya taratibu. L7 hawamo. Wakakodi ndege ndogo ipite juu ya watazamaji inaburuza bango: Mmechoka? Hamna raha? Jaribuni L7.

MBWANA: Ndege!

REHEMA: Ndege. Juu ya tamasha la wanawake wenzao!

MBWANA: Sisi tungekodi gari la matangazo lizunguke Makorora na spika mbili.

REHEMA: Na moja imepasuka. Unaona lakini? Watu wangewahesabu kundi moja na Lilith Fair kwa kuwa wote wamevaa sketi. Wao wanasema, muziki wetu si ule. Ni sawa na useme mdumange na taarabu ni kitu kimoja kwa sababu vyote viko Tanga.

MBWANA: Hapo Wasambaa watakufuata mpaka nyumbani.

REHEMA: Waje, nitawapikia. Haya, 2001 wakasimama. Kimya miaka na miaka. Mwisho wa 2014 wakatangaza wanarudi, walewale wanne, 2015 wako jukwaani. 2016 ikatoka filamu ya maisha yao, mashabiki wamechangia pesa. 2019 albamu mpya, Scatter the Rats, kampuni ya mwanaroki Joan Jett. Miaka 20 baada ya ile ya 1999.

MBWANA: Wapo wangapi waliorudi na mpigaji yuleyule kwenye kila chombo?

REHEMA: Wachache. Wetu wengi tukiachana tunaachana, kila mtu na jina lake, "Original" huyu, "New" yule.

MBWANA: (anacheka) Na kesi ya jina ipo mahakamani.

REHEMA: Muda umekwisha, muadhini ataanza sasa hivi. Jumamosi ijayo nina kazi tena, Chumbageni. Fundi ni yuleyule, nimeshauliza.

MBWANA: Nikusindikize?

REHEMA: Njoo. Besi utaibeba wewe, mimi mgongo unaniuma.

MBWANA: Halafu mlangoni nikiulizwa nambebea nani?

REHEMA: Wewe? Hawatakuuliza.