Bendi ya Mtu Mmoja: Mashine za Miaka ya 1980 na Chakacha ya Mombasa

Asalaam aleikum wazee wetu, mama zetu, na nyinyi vijana mliojazana kule nyuma mkisubiri niache maneno nipige. Nitapiga. Lakini nimeitwa kuzungumza, na aliyeitwa kuzungumza azungumze kwanza.

Mimi ni mwimbaji wa kujitegemea. Sina bendi, sina meneja, wala hakuna kampuni iliyonisajili. Nina kinanda, mashine ya ngoma, spika mbili na dereva wa tuktuk ambaye keshajua spika haibebwi kama gunia la viazi. Riziki yangu iko kwenye hoteli za kuanzia Nyali hadi Shanzu, na kwenye harusi, hasa zile shughuli za wanawake watupu, ambako mwanamke anayepiga vyombo mwenyewe hutafutwa sana maana mwanamume haingii. Agosti na Desemba nalala saa chache. Masika yakianza hoteli nyingine hufunga milango hadi msimu urudi, na Ramadhani haina harusi. Ndiyo maana sifungui hata begi la nyaya kabla arubuni haijaingia kwenye simu. Wapo wanaoona huo ni ukali. Wao wana mshahara.

Sasa, swali ninaloulizwa kila mahali: mbona miaka ya 1980? Nyimbo zote hizi mpya, wewe umeng'ang'ania za zamani! Watu hudhani ni hamu ya ujana. Kwangu ni suala la kazi. Ule ndio muongo ambao vyombo viliruhusu mtu mmoja kuwa bendi nzima, na mimi ni mtu mmoja.

Mwaka 1980 kampuni ya Roland ya Japani ilitoa mashine ya ngoma inayoitwa TR-808. Sauti zake hazikufanana na ngoma ya kweli hata kidogo. Besi yake ni mvumo mrefu, makofi yake kama mtu anapiga vikofi ndani ya pipa. Wanamuziki wengi waliidharau, zikatengenezwa kama 12,000 tu, na kufikia 1983 uzalishaji ulikuwa umekoma. Kumbe mwimbaji wa Marekani Marvin Gaye alikuwa ameshaitumia mwaka 1982 kwenye wimbo uliomrudisha kileleni, na vijana wa Marekani wasio na fedha walizinunua zikiwa mtumba, wakazijengea muziki wao. Besi mnayoisikia leo kwenye matatu ya Bamburi, ile inayotikisa vioo, ukoo wake ni huo.

Mwaka huohuo wa 1983 ukaleta mambo mawili makubwa. La kwanza ni kinanda cha Yamaha DX7, chenye ule mlio wa kengele unaousikia kwenye nyimbo za mapenzi za muongo ule, hata usipojua jina lake. La pili halionekani kwa macho, nalo ndilo lililobadilisha maisha ya watu kama mimi: MIDI. Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi, mwanzilishi wa Roland, waliwashawishi watengenezaji wanaoshindana wakubali mfumo mmoja. Kinanda cha huyu kikaweza kuamrisha mashine ya yule kupitia waya mmoja. Waya haupitishi sauti, unapitisha amri tu: bonyeza noti hii, kwa nguvu hii, sasa achia. Nikigusa kidole kimoja hapa, ngoma, besi na zumari vinaitika. Mwaka 2013 wazee hao wawili walipewa tuzo ya Grammy ya ufundi kwa kazi hiyo, na mimi niliona wamecheleweshewa.

Lakini tusiitazame miaka ya 1980 kana kwamba ilitokea London na Marekani peke yake. Hapa petu palikuwa panawaka. Them Mushrooms, ndugu kutoka Kaloleni, walitoa "Jambo Bwana" mwanzoni mwa muongo ule. Teddy Kalanda Harrison aliutunga kwa maneno ambayo mgeni yeyote aliyekaa hotelini siku mbili alikuwa ameshayasikia. Ulikwenda mbali hadi mwaka 1983 kundi la Boney M. likatoa toleo lao huko Ujerumani. Bendi ya Mombasa Roots nayo wakaichukua chakacha, ngoma ya harusi ya kina mama wa pwani, wakaitia gitaa la umeme na kuipeleka disko. Upande wa taarab, mwimbaji Zuhura Swaleh na kundi la Maulidi Musical Party walikuwa wakipiga chakacha kwa taishokoto, chombo cha Japani chenye nyuzi zinazobanwa kwa vitufe kama vya taipureta, na walikipitisha kwenye amplifaya. Kwa hiyo kinanda cha umeme kilipoingia harusini, masikio ya Mombasa hayakushtuka. Yalikuwa yameshazoea sauti kali yenye vitufe.

Hapa pana jambo ambalo wenzangu wa hotelini hawapendi nilitaje. Zile bendi za hotelini zilikuwa na watu. Mpiga ngoma, mpiga besi, wapiga gitaa wawili, waimbaji, wote wakilipwa, na baadhi wakilala hapohapo hotelini msimu mzima. Kisha meneja akagundua kuwa mtu mmoja mwenye kinanda anakula sahani moja. Mtu huyo ni mimi. Mashine niipendayo ndiyo iliyowaondoa wazee walionifundisha kusimama jukwaani. Sitawaambia naizima kwa heshima yao, maana nina kodi ya nyumba na ada ya shule ya kulipa. Ninachofanya ni hiki: kazi zangu mwenyewe, zile zisizo za hoteli, huwa naita wapigaji wa kweli, na malipo yao natenga kabla ya kuhesabu yangu.

Tuingie jikoni sasa, maana vijana walitaka kujua nyimbo zangu zinatengenezwa vipi. Fundi, nipunguzie besi kidogo hapa mbele. Ahsante.

Mashine ya ngoma ya kawaida ina vitufe kumi na sita kwa mstari. Kila kitufe ni nafasi moja ya mapigo. Ukiwasha cha kwanza, cha tano, cha tisa na cha kumi na tatu, umepata disko: du, du, du, du. Mtoto anaweza. Nami nilipofikiria mashairi yetu nikachangamka, kwa sababu mshororo wa shairi la kawaida una mizani kumi na sita, nane kwa nane. Nina wimbo wa kivuko cha Likoni unaoanza hivi:

Feri imeacha gati, nami sijavuka bado.

Hesabuni kwa vidole. Nane, kisha nane. Unakaa kwenye vitufe kama umekatwa kwa kipimo, na ndiyo sababu unachosha! Kila silabi ikiangukia kitufe chake, wimbo unakuwa kama mwanafunzi anasoma ubao. Juma Bhalo, gwiji wetu wa taarab, asingeimba hivyo hata kwa bunduki. Angevuta "feri" mpaka abiria wote washuke, halafu angezikimbiza silabi nne kwa pumzi moja. Ikabidi niiache mashine ihesabu yake, nami nichelewe nyuma yake makusudi.

Chakacha ina shida nyingine kabisa. Chakacha haiendi kwa nne nne, inaenda kwa tatu tatu. Ngoma ya vumi inaguna chini, ya chapuo inakimbia juu, ya msondo inazungumza katikati. Ukiilazimisha kwenye vitufe kumi na sita inachechemea, kiuno hakijui kiende wapi. Dawa yake ni kuiambia mashine iishie kitufe cha kumi na mbili kisha irudi mwanzo. Hata ile TR-808 ilikuwa na swichi ya kugawa mapigo hivyo. Wazungu waliitumia kwa swingi, ule mdundo wao wa kuyumba, mimi naitumia kwa vumi. Kisha chapuo naisogeza mbele ya pigo kwa unywele tu, kwa sababu mpigaji wa kweli huwa na haraka kidogo akiona wanawake wameinuka.

Kuna ule mshindo wa ngoma wa miaka ya 1980 pia, mkubwa kama mlango wa chuma, halafu kimya ghafla. Ulipatikana London. Phil Collins, mpiga ngoma na mwimbaji wa Uingereza, alikuwa akipiga kwenye albamu ya mwenzake Peter Gabriel iliyotoka 1980, fundi akiwa Hugh Padgham. Studioni mlikuwa na kipaza sauti cha juu, kazi yake kuwasikilizisha mafundi wanachosema wanamuziki, kwa hiyo kilikuwa kikibana kila sauti ili hata mnong'ono usikike. Kikaachwa kimewashwa ngoma zikipigwa, na kilichosikika chumba cha pili kikawashangaza wote. Wakaongeza chombo cha kukata mwangwi kabla haujafa wenyewe, na mwaka uliofuata ulimwengu mzima ukausikia kwenye wimbo wa Collins mwenyewe. Mimi sina studio ya London. Nina rafiki mwenye nyumba ya zamani Mji wa Kale yenye ngazi za mawe na kuta nene. Msondo unapigwa chini, kipaza sauti kinakaa ghorofa ya pili, na mwangwi naukata kwenye kompyuta. Jirani analalamika, halafu anauliza wimbo unatoka lini.

Hotelini mambo ni mengine. Kule naimba wanachoomba, na kila wiki wanaomba "Africa", wimbo wa bendi ya Marekani ya Toto, wa mwaka 1982. Naupenda, mpangilio wa vinanda vyake ni darasa. Lakini waliotunga walikuwa Los Angeles, wakauweka Kilimanjaro juu ya Serengeti. Ndugu zetu wa Taveta wanaouona mlima kila asubuhi wakicheka, waacheni wacheke.

Mtaniuliza: mbona usitie maneno ya Kiswahili kwenye nyimbo hizo, ukarekodi? Si Juma Bhalo alichukua mahadhi ya sinema za Kihindi akayavisha mashairi ya Kimvita, na Mombasa nzima ikaimba? Kweli, na ni ufundi mkubwa. Ila sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda utunzi wa muziki hadi miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mtunzi. Nyimbo za miaka ya 1980, watunzi wake wengi bado wanatembea. Kuimba jukwaani ni suala la leseni ya hoteli. Kurekodi na kuuza ni suala lingine, na kutafsiri maneno pia kunahitaji idhini ya mwenye wimbo. Kwa msanii asiye na wakili, hiyo ni njia ya kuamka siku moja ukute kazi yako imeondolewa mtandaoni na mapato yameshikwa. Lakini mlio hauna mwenyewe. Ule mvumo wa besi, kengele ya DX7, mshindo uliokatwa, nikivipiga mwenyewe hakuna anayeweza kunidai. Kwa hiyo wimbo natunga mwenyewe, na ninaazima sauti tu. Vijana, hapo ndipo penye uhuru, na ndipo wengi hamjapaangalia.

Nimalizie na kazi ninayoipenda kuliko zote, ingawa hainipi hata nauli. Kina mama wa Kibokoni na Majengo wana kanda za kaseti walizorekodi kwenye shughuli zao, nyingi za miaka ileile. Wananiletea, nazihamishia kwenye kompyuta. Joto na unyevu wa pwani havina huruma: mikanda ya raba ndani ya redio imeyeyuka ikawa lami, na kaseti yenyewe huenda kasi au polepole, bibi akasikika kama kifaranga. Utajuaje kasi ya kweli? Umeme wetu unavuma kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na mara nyingi mvumo huo umeingia kwenye kanda kupitia spika za siku ile. Nautafuta kwenye kompyuta. Nikiukuta kwenye 53, najua kanda inakimbia, naivuta nyuma mpaka 50, na sauti ya bibi inarudi kwenye umbo lake.

Kanda hizo hamtazisikia mtandaoni, na msiniombe. Wale wanawake waliimba wakiwa wenyewe kwa wenyewe, milango imefungwa. Kila familia napewa ruhusa yake, narudisha nakala, basi. Ninachobaki nacho ni mapigo. Moja kati ya hayo nimeliweka humu kwenye mashine, vitufe kumi na viwili, lakini vikofi nimeviacha wazi kwa sababu mashine inavipiga kama karani. Nataka kina mama wanne waje mbele. Bibi, wewe wa leso nyekundu, nimekuona unatikisa kichwa tangu nilipotaja vumi. Njoo, mwongoze wewe.